Elimu bila malipo: waraka unatoka wizarani, mshahara wa mlinzi unaamuliwa kijijini

Kila Januari Watanzania tunagombana kwa staili ileile. Mzazi anaonyesha karatasi ya mahitaji aliyopewa shuleni, rimu mbili, fagio, jembe, hela ya mlinzi, hela ya mitihani ya majaribio, halafu anauliza si walisema elimu ni bure? Wa kwanza atajibu serikali waongo, wa pili atasema mwalimu mkuu mwizi, wa tatu atasema wazazi wa siku hizi hamtaki kujitoa, na mjadala unalala hapo mpaka Januari nyingine. Mimi naona wote watatu wanapishana na ishu yenyewe. Kati ya Rais kutamka na mtoto kukaa kwenye dawati kuna msururu wa watu wenye saini zao, wenye mabosi tofauti na wenye uchaguzi tofauti unaowasubiri, na kila mmoja anaweza kuivuta sera kidogo upande wake bila kuvunja sheria yoyote.

Tuanze na sera maana wengi wanaijadili bila kuisoma. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulitoka Novemba, wiki chache tu baada ya Rais Magufuli kuapishwa, na Januari 2016 ukaanza kazi. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ikafutwa, kwa shule za kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Shule ya msingi ada ilishafutwa tangu 2001 enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kwa hiyo huko kilichofutwa hasa ni michango ya lazima. Serikali ikaanza kushusha karibu bilioni 19 kila mwezi, na fungu la ruzuku likawa linaingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule bila kupitia halmashauri, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa mapinduzi maana zamani hela ilikuwa inafika shuleni imekonda au haifiki kabisa. Halafu Mei 2016 ukaja Waraka Na. 3 wa kugawana majukumu, nani afanye nini, na humo mzazi kaachiwa sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa, na jamii ikaachiwa mlango wa kuchangia kwa hiari, mradi mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa.

Huo mlango wa hiari ndo habari yote.

Sasa twende kwenye hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichopangwa wakati MMEM inaanza, dola moja ikiwa bado haijafika shilingi elfu moja, na leo dola iko zaidi ya elfu mbili. Katika hiyo 10,000, elfu nne zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo shuleni inafika 6,000 ambayo ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni 500 kwa mtoto kwa mwezi. Chukua shule ya watoto 800, hiyo ni laki nne kwa mwezi. Toa chaki na karatasi, toa mitihani, toa ukarabati wa madawati yaliyovunjika, toa maji, toa umeme kama shule inao, na kumbuka hela hii inakuja imeshapangiwa mafungu, sio ya kujichotea tu. Mlinzi mara nyingi hapati pa kuingia kwenye mafungu hayo. Mpishi naye vilevile. Ila shule isiyo na mlinzi inaibiwa madawati na mabati, na shule isiyo na uji inakimbiwa na watoto saa nne asubuhi, kwa hiyo hela ya mlinzi na ya mpishi lazima itoke mahali, na mahali penyewe panajulikana ni mfukoni kwa mzazi.

Hapa ndo siasa za chini zinapoingia. Mlinzi analipwa na nani? Sio mwalimu mkuu anayeamua, kisheria kuna kamati ya shule na juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ndo chombo chenye mamlaka ya juu pale kijijini, kila mkazi wa miaka 18 kuendelea ana haki ya kuingia. Mkutano ukikubali kila kaya itoe kiasi fulani unaandikwa muhtasari, majina na saini zinaambatanishwa, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri, karatasi inapanda kwa mtendaji wa kata na kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndo mwenyekiti na mtendaji ndo katibu. Ukiwahi kukaa kwenye mkutano wa aina hii utagundua kwamba hiari ni kitu cha kujadiliwa. Watu 60 wamekuja kati ya mia kadhaa wanaotakiwa, wengi wazee na kina mama, mwenyekiti anasoma ajenda ya nne, mtu anauliza je asiyekuja leo naye atatoa? Kimya kidogo. Mwenyekiti anasema maazimio ya mkutano yanamhusu kila mtu. Basi, hiari imeshakuwa lazima, na kwenye karatasi kila kitu kiko sawa kabisa.

Kijiji kingine ajenda hiyohiyo inakufa ndani ya dakika tano kwa sababu mwenyekiti anajua mwakani kuna uchaguzi wa serikali za mitaa na hataki kuwa ndo mtu aliyewatoza watu hela wakati Rais kasema bure. Sera ni ileile, waraka ni uleule, na vijiji hivi viwili vinaweza kuwa vimetenganishwa na mto tu.

Tumuangalie mwalimu mkuu, maana lawama nyingi zinamuangukia yeye. Mshahara na uendeshaji wa shule viko TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Sera na mitaala viko Wizara ya Elimu. Nidhamu yake kama mtumishi iko Tume ya Utumishi wa Walimu. Wanaokuja kumkagua ni wadhibiti ubora, nao ni wa Wizara ya Elimu. Matokeo ya darasa la saba yanatoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na yakiwa mabaya anayemuweka kiti moto ni mkuu wa wilaya ambaye kwenye mnyororo wa elimu hata hayumo, ila ni mteule wa Rais na anaongoza kamati ya usalama ya wilaya, na sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48. Kwa kazi ya kuwapanga mabosi wote hao mwalimu mkuu alianza kupewa posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi kuanzia 2016. Niseme ukweli, sidhani kama kuna kazi ngumu zaidi ya hiyo kwa hela hiyo kwenye utumishi wa umma Tanzania.

Mtu wa aina hii akipokea maagizo mawili yanayogongana hafuati lenye mantiki, anafuata la bosi anayeweza kumuumiza haraka. Mfano mzuri ni Januari 2018. Magufuli aliwaita Ikulu Waziri Ndalichako wa Elimu na Waziri Jafo wa TAMISEMI akapiga marufuku michango mashuleni, akataka mwalimu asiguse hela ya mzazi, na anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwenye TV lilikuwa agizo safi kabisa. Shuleni likasomwa hivi, ukionekana na daftari la michango umekwisha. Walimu wakanawa mikono. Sehemu nyingine uji ukasimama kwa sababu uji ulikuwa ni mchango wa mahindi na hela ya kusaga, na hakuna mwalimu aliyekuwa tayari kuuliza kama mahindi nayo ni mchango au sio mchango. Sehemu nyingine wazazi wakachagua mmoja wao awe anakusanya, mwalimu yuko pembeni anajifanya haoni, uji ukaendelea kama kawaida. Na mzazi wa kijijini aliyetaka kutoa elfu mbili yake kwa mkurugenzi, je, nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya na kurudi ni shilingi ngapi?

Tofauti kati ya sehemu ya kwanza na ya pili sio waraka. Ni kama kulikuwa na kamati ya wazazi iliyo hai kabla agizo halijaja.

Hiyo inatuleta kwenye historia za mahali, kitu ambacho watunga sera hupenda kukiruka. Kilimanjaro wazazi walikuwa wanajenga sekondari zao kwa michango miaka ya 1980 wakati serikali yenyewe haina hela ya kujenga, makanisa yakiwa nyuma yao, kwa hiyo kule kutoa hela ya shule ni kitu ambacho babu alifanya na baba akafanya. Usukumani kuna sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na mkutano wao wa dagashida ukipitisha jambo asiyelitekeleza anapigwa faini, hilo halihitaji waraka wa mtu. Sehemu nyingine nguvu hiyo ikatumika hata kwenye mambo ya maendeleo. Serikali ya kijiji yenye chombo kama hicho pembeni yake inaweza kukusanya mchango ambao kijiji kingine kisingeweza hata kwa polisi. Ni jambo zuri au baya? Inategemea wewe ni nani pale kijijini. Mjane mwenye watoto watano hawezi kuliona kama anavyoliona mwenye ng'ombe hamsini.

Halafu kuna hela ya halmashauri yenyewe. Zipo halmashauri 184 na kwenye makaratasi zote zina wajibu uleule. Kwenye uhalisia, za Dar zinakusanya mapato ya ndani ambayo halmashauri nyingi za vijijini haziyagusi hata kwa miaka kumi. Wilaya zenye migodi kama Geita, Kahama na Tarime zina ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 mgodi lazima upeleke mpango wake wa kusaidia jamii ukajadiliwe na halmashauri. Wilaya inayotegemea ushuru wa mazao peke yake ina mwaka mzuri mvua ikinyesha na mwaka mbaya isiponyesha, na hata huo ushuru ulipunguzwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula mwaka 2017. Kabla ya hapo 2003 kodi ya kichwa ilifutwa, ikashangiliwa na ilistahili kushangiliwa kwa sababu watu walikuwa wanakimbilia porini mgambo wakija, ila halmashauri ikapoteza chanzo chake. Kodi ya majengo nayo ikahamishiwa TRA mwaka 2016, siku hizi tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme. Ukijumlisha unaona picha ya ajabu kidogo, majukumu yanashuka chini kila mwaka na vyanzo vya hela vinapanda juu. Kidogo kinachobaki nacho kimeshapangiwa kazi, asilimia 10 iende mikopo ya kinamama, vijana na wenye ulemavu, fungu lingine miradi, lingine posho za vikao vya madiwani, na mwalimu mkuu akija kuomba hela ya choo kilichotitia anaambiwa aiweke kwenye bajeti ya mwakani.

Sasa nani ana uwezo wa kumbana mkurugenzi? Wananchi wanamchagua diwani, madiwani wanakaa kwenye baraza, lakini mkurugenzi anateuliwa na Rais, na anayemuogopa sio baraza. Hili lilionekana wazi kati ya 2015 na 2020 ambapo Arusha mjini, Moshi mjini na Mbeya mjini mabaraza yalikuwa chini ya CHADEMA, chama cha upinzani, huku mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wote wakiwa wateule wa Rais wa CCM. Kila kitu kikawa na swali la pili nyuma yake, hili darasa likijengwa sifa ataichukua nani? Mradi mzuri ukawa na watu wawili wanaotaka kuuzindua, na mradi mbovu hauna hata mmoja aliyewahi kuusikia.

Mtu angedhani baada ya 2019 hilo limekwisha, maana upinzani mkubwa ulijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa na CCM ikabeba zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Halikuisha. Lilihamia ndani ya chama, likaenda kwenye kura za maoni. Diwani anayemuona mwenyekiti wa kijiji fulani kama mpinzani wake wa mwakani hana haraka ya kupeleka darasa kwenye kijiji kile, na hakuna upinzani wa kumuuliza kwenye baraza kwa nini. Kwa mtazamo wangu hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza kwa sababu haionekani, haina magazeti.

Ila nisiwafanye muone kama sera haiwezi kutekelezeka kabisa, kuna wakati mambo yananyooka na inafaa kuuliza kwa nini. Oktoba 2021 serikali ilitangaza matumizi ya mkopo wa IMF wa UVIKO, trilioni 1.3, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000, elfu 12 ya sekondari na elfu 3 ya shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama, kila darasa milioni 20, yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Watu wengi walicheka. Yakajengwa, na Januari 2022 wanafunzi wa kidato cha kwanza wakaingia wote kwa mkupuo mmoja bila kile kitu cha chaguo la pili, ambako watoto waliofaulu walikuwa wanakaa nyumbani wanasubiri madarasa.

Angalia kilichobadilika. Hela ilikuja kamili na ilikuja mapema. Kipimo kilikuwa kimoja na kinaonekana kwa macho, darasa lipo au halipo. Wakuu wa mikoa walikuwa wanashindana, na mkuu wa mkoa akishindana mkuu wa wilaya halali, na mkuu wa wilaya asipolala mtendaji wa kata anaamkia saiti. Kwa mara moja mabosi wote walitaka kitu kimoja kwa tarehe moja. Hata hapo maeneo hayakufanana, milioni 20 ya darasa la mjini ambapo saruji iko barabara ya pili sio milioni 20 ya kisiwani Ukerewe au milimani Makete ambako usafiri peke yake unakula sehemu ya hela, na kule pengo likazibwa kwa nguvu za wananchi, mchanga, mawe, maji ya kuchota kichwani. Yaani mchango ule ule uliopigwa marufuku ukarudi kwa jina la kujitolea.

Mlinzi sasa hawezi kupata bahati ya darasa. Hakuna anayekata utepe mbele ya mlinzi. Gharama ndogo za kila mwezi hazina tarehe ya mwisho, hazina picha, hazina kiongozi anayezipigania, kwa hiyo ndo zinazoangukia kwa mwenye nguvu ndogo kwenye msururu na yeye anazisukuma kwa mzazi.

Majirani zetu Kenya walilipitia hili zamani. Tamko la Rais Kenyatta la Desemba 1973 lilifuta ada darasa la kwanza mpaka la nne kuanzia 1974, shule zikakosa hela, kamati zikaanzisha ada ya majengo, na sehemu nyingi mzazi akajikuta analipa zaidi ya alivyokuwa analipa kabla ya bure kuja. Sasa wana mfumo mwingine kabisa, katiba ya 2010 imewapa kaunti 47 elimu ya chekechea na imebakiza shule ya msingi na sekondari serikali kuu, halafu mbunge naye ana hela zake za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo, za kujenga madarasa. Unaweza kukuta kwenye kiwanja kimoja darasa la gavana na darasa la mbunge, rangi tofauti, majina tofauti ukutani, na katikati mwalimu mmoja anayelipwa na Nairobi.

Kwetu mtihani unaofuata unajulikana mpaka mwaka wake. Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, msingi inaishia darasa la sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na darasa la kwanza na la tatu, maana yake wale wa la tatu wanamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne wanamaliza darasa la saba. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza pamoja, mikupuo miwili kwa wakati mmoja, walimu wao, madarasa yao, vyoo vyao, na kwa walio mbali mabweni yao. Serikali kuu bila shaka italeta hela ya madarasa maana madarasa yanapigwa picha. Kama diwani wako bado hajaulizwa kwenye baraza halmashauri imepanga nini kwa mwaka wa fedha 2027/28, vikao vya bajeti vinaanza mapema mwaka 2027, na mkutano wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.